Eda ya Bi Mkubwa na Timu Yetu ya Basketi

Niseme mapema ili mtu asingoje: timu yetu ilikuwa haishindi. Tulifungwa na wakubwa, tukafungwa na wadogo, na siku moja tulifungwa na timu iliyokuja pungufu, mmoja wao ana homa. Sisemi haya kwa unyenyekevu. Mpaka leo yaniuma, na mtu akinicheka kwa hilo twaweza kukosana.

Tulikuwa wasichana wa mitaa ya Kibokoni na Bondeni, huku pwani. Basketi tulijifunza shuleni, na shule ilipokwisha, wazazi wakaona na mpira nao umekwisha. Msichana aliyemaliza kidato cha nne akakimbizane uwanjani na nani? Ndivyo walivyouliza, wala hawakuwa wakiuliza wapate jibu. Basi tukawa twakutana ukumbini kwetu jioni, tunakunywa chai na kulalamika, na mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika kwa sauti kubwa zaidi. Malalamiko yakatoka dirishani, yakamfikia jirani.

Jirani huyo ndiye Bi Mkubwa. Hilo si jina lake. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, hata waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke mnene, sauti yake ya chini, mke wa fundi wa saa, na wanawe wote wanaume, wote wako Arabuni kikazi. Hakukuwa na harusi pale kwetu ambayo pilau yake hakuionja kabla haijapakuliwa, wala maiti ya mwanamke ambayo hakuitwa kuiosha. Ukiwa na mgonjwa, asubuhi yuwaja na uji. Ukiwa umegombana na mumeo, yuwaja na maneno. Mtu wa namna hiyo akikuomba kitu humnyimi, maana hujui kukataa kwako kuanzie wapi.

Akapita nyumba kwa nyumba kuomba. "Nipeni watoto hawa Jumamosi baada ya alasiri," akawaambia mama zetu. "Takwenda nao mwenyewe, takaa nao mwenyewe, na kabla ya magharibi tawarudisha." Wale mama wakatazamana, wakakohoa, wakakubali. Wangu alikaa akikunjua na kukunja kanga magotini. Mwisho akasema, "Nimekubali kwa sababu yako, Bi Mkubwa. Si kwa sababu ya mpira." Nilikuwa nyuma ya pazia nikasikia. Nilifurahi na nikachukia kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo palipokuwa na shida yetu yote, na ni vizuri ieleweke. Bila mtu mzima wa kuaminika kukaa pale uwanjani, hakuna msichana ambaye angetoka. Kochi tulikuwa naye, mwalimu wetu wa zamani, lakini alikuwa mwanamume tena kijana, na kwa mama zetu kuwako kwake kulizidisha wasiwasi. Timu nyingine zilihitaji viatu na mpira mzuri. Sisi tulihitaji Bi Mkubwa akae.

Na kukaa kwenyewe alikujua. Uwanja uko nyuma ya shule, saruji yenye nyufa, ringi moja imeinama kama kwamba yasikiliza kitu chini. Kando pana ngazi za mawe zilizo kivulini. Hapo ndipo alipokaa, na sisi tukamvulia mabuibui yetu tukamrundikia mapajani, tukabaki na suruali ndefu na mitandio iliyobanwa. Akawa haonekani ila kichwa, rundo jeusi mbele yake, upepeo mkononi. Mpira hakuujua. Alichojua ni nani kachoka, nani kanuna, nani hakula mchana.

Kila asubuhi ya Jumamosi alikuwa akipita sokoni Marikiti akanunua machungwa, akayakata vipande, akayatia chumvi na pilipili, akayapanga kwenye sinia akalifunika kwa kitambaa. Machungwa hayo ndiyo yaliyonigombanisha naye. Alikuwa na desturi ya kwao: mgeni kwanza. Kwa hivyo mapumziko yakifika, sinia lilikwenda kwa wapinzani. Wasichana wa upande wa reli, warefu hao, wengi wao watoto wa watu wa bara, walikula machungwa yetu wakanyonya vidole, kisha wakaja kutufunga kwa nguvu za machungwa hayo hayo. Walikuwa wakipenda sana kuja kwetu. Na mbona wasipende?

Siku moja nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, hawa ni maadui."

Akanitazama akaacha kupepea. "Adui gani aja mchana, akavua viatu, akasema masalkheri?"

"Watatufunga."

"Watawafunga hata wasipokula. Basi heri wawafunge wameshiba."

Wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimnunia njia nzima ya kurudi, na yeye akanipa chungwa la mwisho alilokuwa amelificha ndani ya buibui langu mwenyewe. Nilikula huku nimenuna.

Alikuwa akitaka jambo moja kwangu, na nalijua. Alitaka mama yangu aje aone. Mama wa wenzangu nao walikuwa hawaji, lakini wao walizuiwa na uvivu au kazi. Wangu alikusudia kutokuja. Nilipoanza kucheza nikiwa mdogo shuleni nilikuwa nikimsihi, "Mama, yeo twacheza, njoo, ukae mwisho tu, huonekani." Akasema ana nguo za kufua. Nikiwa mkubwa niliacha kumsihi. Nilijiambia sijali, na kila Jumamosi nikawa najali vilevile.

Kisha bwana wa Bi Mkubwa akafa. Alikuwa mzee mpole aliyependa kusema kwamba mkewe ana timu na yeye ana saa, na kila mmoja ahangaika na vitu visivyokwenda. Alikwenda kuswali alfajiri, akarudi, akalala kidogo, asiamke. Akazikwa adhuhuri, watu wakajaa mpaka njia ikafungwa. Na Bi Mkubwa akaingia eda.

Kwa asiyejua, mjane wetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatii manukato wala asumini kichwani, havai la kupendeza, hatoki ila kwa dharura. Wanawake huenda kumkalia, kumsomea, kumpa maneno. Nami nilikwenda na mama, nikambusu mkono, nikamkuta ameketi juu ya mkeka chumba cha juu, mdogo kuliko nilivyomzoea. Nililia kwa ajili ya mzee, wallahi nililia. Lakini nitakuwa mwongo nikisema machozi yote yalikuwa ya mzee. Baadhi yalikuwa ya Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza hatukutoka. Timu ya wapinzani ilifika ikatungoja uwanjani ikaondoka. Kochi akatuma ujumbe kwenye kikundi chetu cha simu: tukikosa kufika mara nyingine, ligi yatuondoa. Mechi inayofuata ilikuwa Jumamosi iliyo mbele. Nilimsomea mama ujumbe ule jikoni. Akasema, "Basi si ndiyo mwisho wake," akaendelea kumenya vitunguu. Nilitoka nikaufunga mlango kwa kishindo, na katika nyumba yetu milango haifungwi kwa kishindo.

Sikukusudia kumwambia Bi Mkubwa. Yeye yu katika msiba, mimi nimpelekee habari za ringi? Lakini nilipompelekea chakula siku ile alinitazama mara moja tu akauliza, "Mechi ni lini?" Nikamwambia yote. Nikamwambia na la mlango. Akatikisa kichwa kwa hilo la mlango, kisha akaniambia niende nikawaite mama zetu wote, kesho baada ya adhuhuri, na wangu awe wa kwanza.

Wakaja wakidhani ni kisomo. Walikuja na misahafu na vitambaa vya machozi, wakaketi wakizunguka mkeka. Bi Mkubwa akawashukuru kwa kumkalia. Akawaambia wamefanya mema, na uji ulikuwa mzuri, na wachache walizidisha hiliki. Kisha akasema, "Sasa nnataka mnikalie pahali pengine. Mimi siwezi kutoka. Hebu nendeni mkanikalie kule ngazini Jumamosi, mpaka nitoke eda."

Misahafu ikabaki imefungwa mapajani.  Nani amkatalie mjane ndani ya eda yake, na mjane mwenyewe ndiye aliyewaoshea mama zao? Walinaswa, na walijua wamenaswa. Wakaanza kukubali mmoja mmoja, "Haya, Bi Mkubwa, inshallah." Mama yangu aliubusu mkono wake, akasema atatazama kama ana nafasi. Jumamosi ilipofika alisema kichwa chamuuma.

Lakini wengine walikuja, na mimi hata nikiwa na miaka mia sitakisahau kioja kile. Walikuja wote kwa pamoja, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa peke yake, wakajaza ngazi kwa mabuibui, birika za chai, kaimati, na mto wa mmoja wao mwenye maumivu ya mgongo. Mchezo ulipoanza wakaogopa. Mtu wa upande wa reli alipotia mpira wa kwanza, wakampigia vigelegele. Kochi akawaendea kuwaeleza kwa adabu kwamba yule si wetu. "Tumeona," mmoja akajibu, "lakini ni mgeni, na ametia vizuri."

Msichana wao mmoja alipoanguka akachubuka goti, mama mmoja aliingia uwanjani katikati ya mchezo na birika la maji, akamwosha goti, akampulizia, akamuuliza mamake ni nani. Refa akapuliza kipenga. Akageuka kumtazama refa na kumwambia angoje, huoni mtoto ameumia? Refa akangoja. Mama mwingine alikuwa akinipigia kelele mimi, "Nawe mpe mwenzio, tangu saa ile umeushika wewe tu." Na yule aliyepewa kazi ya kumpigia Bi Mkubwa picha za video kwa simu, ili aone, alipiga picha ya kidole chake tangu mwanzo hadi mwisho. Twasikia sauti, twaona kidole.

Tulifungwa, bila shaka. Lakini tulikuwa tumefika, na timu ikabaki ligini.

Jioni ile ile walipanda juu kumhadithia, nasi nyuma yao na jasho letu. Kila mmoja ana mechi yake. Huyu asema tulionewa, yule asema refa ana adabu, aliyeingia uwanjani ahadithia goti kama kwamba ndilo lililokuwa mchezo. Wakapingana, wakapandishiana sauti, wakasahau kuwa hapo ni penye msiba. Bi Mkubwa alikuwa akisikiliza, macho yamefumbwa, mkono wake wapepea na upepeo haupo. Nilimwona. Nilitamani nimbebe mgongoni nimpeleke, mwenye kusema aseme.

Wengine waliposhuka alinizuia. "Mamako alikuja?"

"Kichwa kilimuuma."

"Mamako ana haya," akasema. "Waona kama chuki, lakini ni haya. Aogopa kuona watu wakikutazama, asijue auweke wapi uso wake." Nilimwambia basi auweke popote. Akanipiga kofi dogo la mkono akasema nina ulimi.

Wiki zikaenda hivyo. Jumamosi mama wale wanatukalia, jioni wanamhadithia. Wakaanza kuujua mchezo kidogo, na wakaanza kukasirika tukifungwa, jambo lililotutia moyo. Bi Mkubwa akawa azungumza nami mambo ya siku atakayotoka. Atakuja na sinia kubwa zaidi. Atawaonyesha wale mama namna ya kukaa bila kupiga kelele. Na safari hii, akasema, wa kwanza kupewa machungwa nitakuwa mimi, nikamwambia simwamini, na kweli sikumwamini.

Eda ilipokwisha alioga, akatia udi, mama zetu wakamzunguka wakampaka asumini mpaka chumba chote kikanukia. Ilikuwa katikati ya wiki. Jumamosi ilikuwa karibu. Lakini alipojaribu kushuka ngazi za nyumba yake, mguu ulikataa. Tulijua ana sukari, hatukujua kwamba alikuwa na kidonda kwenye unyayo na kwamba alikificha miezi ile yote, kwa kuwa aliona haya kutoka eda kwenda kwa daktari kwa kidonda. Kutoka kwa ugonjwa kunaruhusiwa, kila mtu ajua, na yeye alijua kuliko sisi. Hilo lanikera mpaka sasa. Mtu awaombee wengine watoke, mwenyewe akae na kidonda.

Akapelekwa hospitali, akarudishwa, akapelekwa tena. Wanawe wakaja kutoka Arabuni. Hakufika uwanjani. Alikufa kabla ya Ramadhani, na safari hii alioshwa yeye, na mama yangu alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Alirudi nyumbani, akavua buibui, akaketi jikoni bila kuwasha moto. Sikuwahi kumwona vile. Nikapita.

Baada ya kusomwa hitma yake nilidhani wale mama wataendelea. Kwa nini wasiendelee? Lakini walikuwa wamemkalia Bi Mkubwa, na sasa hakuwako wa kumkalia. Mmoja akasafiri Lamu kwa bintiye aliyejifungua. Mmoja mgongo. Mmoja akasema bila kuficha kwamba hawezi kuzitazama ngazi zile. Huyo sikumlaumu. Wengine niliwalaumu, tena kwa majina, na nikakosana na watu wawili ambao mpaka leo twasalimiana kwa mbali.

Ikaja Jumamosi ya mechi tusiyo na mtu. Wenzangu walikuja kwetu na mabegi yao kwa mazoea, wakasimama mlangoni, hawaingii wala hawaondoki. Nilikuwa nimevaa tayari.  Alasiri ilikuwa imekwisha swaliwa, na kila tulipokaa ndivyo saa ilivyokuwa ikituacha.

Mama akatoka ndani. Alikuwa na buibui lake jeusi la kutokea, limepigwa pasi. Hakunitazama. Akawatazama wenzangu akasema, "Mbona mwasimama njiani? Mwajua mimi siijui njia ya huko."

Tukamwongoza. Bondeni nzima nilikwenda mbele yake sikugeuka, naogopa nikigeuka atarudi. Tulipofika hakukaa kwenye ngazi ile ya kati, aliyokuwa akikaa Bi Mkubwa. Alikaa ya chini yake, pembeni, miguu ameibana, akapokea mabuibui yetu akayakunja moja moja badala ya kuyarundika.

Na mimi, niliyemtaka mwanamke huyu aje tangu nikiwa na meno ya utoto, sikuweza kumtazama. Nikiinua macho namwona, nayashusha. Nikiinua tena namwona, nayashusha. Nilitupa mipira iliyopita mbali na ringi. Nilipewa mpira mkononi nikauangusha. Kochi akaniuliza nina nini. Nikamjibu vibaya.

Mapumziko mama akaniita kwa kidole. Nikajua atanisema kwa kumjibu mtu mzima vile. Nikaenda nikasimama mbele yake, naangalia viatu vyangu.

"Wanitazama, kisha wageuza uso," akasema polepole, wenzangu wasisikie. "Ni mara ngapi sasa."

Niliinama nikakaza kamba za kiatu.

"Najua wamtafuta nani. Hata mimi tangu nimekaa hapa namtafuta." Akanifuta jasho la uso kwa ncha ya mtandio wake, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifuta nikiwa mdogo. "Nenda kateze mpira."

Nikarudi uwanjani nikilia wazi, na wale wasichana warefu wa upande wa reli wakaninyang'anya mpira mara ya kwanza tu nilipoushika.